Gari imekula chumvi: niuze ama nitengeneze?

Mwezi huu barua zimejaa habari za gari. Nimechagua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu manake mwenyewe ameleta hesabu zake zote, na mtu akikuletea hesabu huwezi kumjibu kwa maneno matupu. Hizo mbili zingine tutazipita haraka.

SWALI

Asalaam alaykum ami. Mimi ni mwalimu, naishi Maweni hapa Malindi na nasomesha upande wa Gongoni, kwa hivyo kila siku ya kazi ni kwenda na kurudi, ukijumlisha na mizunguko ya mjini na safari ya Mombasa mara mojamoja inakuwa kama kilomita 1,500 kwa mwezi. Gari yangu ni Toyota NZE ya 2004, otomatiki, mita inasoma 268,000 lakini mita ya gari iliyopita mikono mingi nani ataiapia. Mwaka uliopita imenila 118,000 za matengenezo, nimeandika kila kitu kwenye daftari: redieta mpya, shoki mbili za mbele, boljointi, bushi, betri na tairi mbili. Mafuta inakula, nikipima napata kilomita 11 kwa lita. Bima nakata ile ndogo ya 7,200 kwa mwaka. Mke wangu amechoka, anasema hii gari tunailea kama mtoto wa nne. Dalali mmoja yuko tayari kunipa 250,000 leo hii. Macho yangu yako kwa Toyota Fielder niliyoiona kwenye yadi Mombasa, bei 1,350,000. Akiba nina 200,000 na sacco yetu itanikopesha 900,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka, ile riba inayopungua deni likipungua, nilipe miaka 4. Fundi wangu anasema injini bado nzima kabisa nisidanganywe na mtu. Jirani naye anasema gari ikishaanza kukutoa pesa kila mwezi iuze kabla haijakufia mkononi. Nimsikize nani?

*Mwenye Mkweche, Maweni*

JIBU

Waalaykum salaam mwalimu. Daftari lako limenifurahisha, wengi wakiandika hapa husema tu gari inanimaliza, ukiwauliza inakumaliza kwa shilingi ngapi hawajui.

Sasa, fundi ameangalia injini, jirani ameangalia mfuko wako, na hakuna hata mmoja aliyelala chini ya gari akatazama juu. Huku kwetu gari nyingi za umri huo zinaondoka barabarani injini ikiwa bado inanguruma vizuri, kilichozimaliza ni kutu. Hapo nitarudi, na ndipo jibu lako lilipo hasa, lakini tumalize kwanza habari ya pesa manake ndiyo inayokunyima usingizi.

Chukua hizo 118,000 ugawe kwa miezi 12, ni kama 9,800. Weka bima yako, shilingi 600 kwa mwezi. Mafuta, kilomita 1,500 kwa gari inayokwenda 11 kwa lita ni lita 136, na tuseme lita ni 180 ili hesabu iende, ingawa unajua EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, hutubadilishia bei kila tarehe 14 ya mwezi, hiyo ni kama 24,500. Jumla mkweche wako unakula 34,900 kila mwezi ukiwa barabarani.

Fielder je? Laki 9 kwa asilimia 12 miaka 4, sacco watakukata kama 23,700 kwa mwezi. Bima, hapo hutakata tena ile ndogo, mkopeshaji mara nyingi atataka bima kubwa inayolipa hata gari yako mwenyewe, na hata asipotaka we mwenyewe utalala vipi na gari ya milioni na zaidi haina bima. Nikiweka asilimia 5 ya bei ni 67,500 kwa mwaka, yaani 5,600 kwa mwezi. Sevisi na tairi weka 4,000, manake hata gari mpya inavaa tairi. Mafuta ikikupa kilomita 15 kwa lita ni lita 100, elfu 18. Jumla ni 51,300. Kwa hivyo kwa pesa ya kutoka mfukoni, mkweche unakuachia kama elfu 16 kila mwezi, na hapo sijagusa zile 200,000 za akiba ambazo zingeondoka siku ya kwanza.

Wengi wakifika hapa wanafunga daftari, wanasema basi tumalize, ya zamani ni rahisi. Ngoja kidogo. Ile 23,700 ya sacco yote si hasara, sehemu inageuka gari, na baada ya miaka 4 Fielder bado ina bei. Kinachopotea kweli ni bei inayoshuka na riba. Tuseme ukiiuza baada ya miaka 4 unapata 750,000, umepoteza laki 6, gawa kwa miezi 48 ni 12,500. Riba yote itakuwa kama 237,000, hiyo ni 4,900 kwa mwezi. Jumlisha bima, sevisi na mafuta, inafika 45,000. Na mkweche nao unashuka, tuseme kutoka 250,000 hadi 100,000 kwa muda huohuo, ni 3,100 kwa mwezi, kwa hivyo gharama yake ya kweli ni 38,000. Tofauti imepungua kutoka 16,000 hadi 7,000.

Hiyo 7,000 ndiyo namba yako, iandike kwenye jalada la daftari. Maana yake ni hii, matengenezo ya NZE yakipanda kutoka 9,800 mpaka kama 16,800 kwa mwezi, yaani laki 2 kwa mwaka, hapo zimelingana, na yakipita hapo kila mwaka basi jirani yako ameshinda. Yakibaki chini ya hapo ameshinda fundi. Na ukiangalia orodha yako, redieta, shoki, boljointi, bushi, hivyo ni vitu ambavyo ukiweka vizuri na spea ya maana havirudi mwaka ujao. Ingekuwa umeniandikia gari imepelekwa gereji mara nne kwa ugonjwa uleule, au kila ukilipa hiki kinaharibika kile kilichotengenezwa juzi, ningekuambia kitu kingine.

Alafu hiyo kilomita 11 kwa lita mimi siikubali. NZE yenye injini ya 1,500cc kwenye barabara ya Malindi kwenda Gongoni, lami, hakuna foleni, ingekupa zaidi. Kabla hujalaumu uzee, fanya plagi, safisha au badilisha filta ya hewa, pima upepo wa tairi, inua kila gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono uone kama breki inashika, na kama taa ya injini inawaka kwenye dashibodi ipelekwe kwenye kompyuta wasome senza ya oksijeni. Ikifika kilomita 13 tu kwa lita umeokoa lita 21, karibu elfu 4 kwa mwezi, na kazi yote hiyo hailingani hata na lipo moja la sacco.

Kuhusu bei ya Fielder, watu wanalaumu wenye yadi na wengine wanastahili kulaumiwa, lakini sehemu kubwa ya pesa hiyo ni ya serikali. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha kwa gari za kuagiza ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1,500cc, na juu ya vyote viwili VAT ya asilimia 16, kila moja inapigwa juu ya jumla ya iliyotangulia. Gari ambayo KRA, watoza ushuru wa serikali, wameithamini laki 5 inadaiwa karibu 440,000 kabla ya zile ada ndogondogo. Na kwa vile sheria hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, ile Fielder haiwezi kuwa kuukuu sana, ndio maana bei haishuki. Ukiinunua wewe ndiwe unayebeba ushuru wote huo, na ile miaka ya kwanza ya kushuka bei ni yako. NZE yako ilishamaliza kushuka zamani, aliyeumia ni mwingine.

Habari ya riba siingii, hiyo ni baina yako na Mola wako, ila kama inakutatiza kuna benki huku pwani zinazofanya murabaha, zinainunua gari zenyewe kisha zinakuuzia kwa faida mliyokubaliana tangu mwanzo. Uliza, alafu linganisha jumla utakayolipa mpaka mwisho, usilinganishe la mwezi peke yake.

Haya, sasa tuingie chini ya gari.

Wewe unaegesha Gongoni. Kutoka Gongoni mpaka Marereni ni mashamba ya chumvi, malori ya chumvi yanapita barabara hiyohiyo unayopita, na kusi ikivuma upepo wote wa bahari unaingia nchi kavu na unyevu wake. Chumvi ikikaa kwenye chuma pamoja na unyevu kutu haipumziki hata usiku, na inaanza kule usikoona. Rangi yako juu inaweza kuwa inang'aa huku chini pamekwisha.

Tafuta gereji yenye shimo, au uombe ipandishwe juu kabisa, usikubali ya kuchungulia na tochi umepiga magoti. Nenda na bisibisi nene. Anza kwenye ile boriti inayopita chini ya milango, pande zote mbili, gongagonga kwa mpini. Chuma kizima kinalia kikavu, kilichooza kinatoa sauti iliyofifia. Mahali ambapo sauti inabadilika geuza bisibisi usukume kwa ncha, fundi akinung'unika mwambie gari ni yako. Ikiingia ndani na mavumbi mekundu yakamwagika, hapo hapana chuma, pana rangi na andakoti, ile dawa nzito inayopakwa chini ya gari kuzuia kutu. Angalia pale jeki inapowekwa, kama pamebonyea ni dalili. Kisha rudi juu, fungua boneti, tazama pale shoki za mbele zinaposhikiliwa na bodi, hapo ndipo uzito wote wa mbele unapokaa. Nyuma vilevile, toa kapeti ya buti, toa tairi ya spea, tazama na pale chini. Kapeti za abiria ziinue pia, zikiwa na maji au harufu ya uvundo basi sakafu iko mashakani, na mara nyingi ni vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango vimezibwa na mchanga. Mwisho fuata mabomba ya breki kutoka mbele mpaka nyuma kwa kidole, yakiwa na magamba yabadilishwe hata kama leo hayavuji.

Na chukua sumaku ndogo uifunge kwenye kitambaa usikwaruze rangi. Ipitishe juu ya magurudumu na chini ya milango, ikikataa kushika ujue pale pamejazwa fila, ile rojo ya kuzibia bodi kabla ya rangi.

Ukikuta sakafu tu imetoboka, hiyo si kifo, fundi wa bodi anakata, anachomelea bati zuri, mnapaka dawa ya kutu na maisha yanaendelea. Ukikuta boriti za chini au pale pa shoki pameoza, mwalimu, usichomelee, uza. Injini ikifa utapata nyingine ya ex-Japan, gia boksi vilevile, lakini bodi ya gari kama hiyo ndiyo gari yenyewe, na siku ikigongwa pale palipooza panajikunja na watoto wako watatu wako ndani. Ukifika hapo zile hesabu zangu zote za juu zifute, 7,000 kwa mwezi haina maana yoyote. Na ukiiuza umwambie anayenunua ukweli, iuzwe kwa bei ya spea, usimpe mwenzako jeneza.

Injini nayo usimwamini fundi kwa neno tu, ingawa pengine anasema kweli. Injini ya NZE haina mkanda wa taimingi, ina mnyororo, kwa hivyo akija mtu kukuambia umepitisha kilomita za kubadilisha mkanda huyo anakuibia. Asubuhi kabla hujawasha fungua kifuniko cha oili, ukikuta rojo la rangi ya chai ya maziwa ndani basi maji na oili vimekutana na hedi gasketi imekwenda. Tazama kiwango cha maji ya redieta, kinapungua bila kuvuja popote? Hiyo pia si habari njema. Moshi wa bluu ukikanyaga mafuta ni oili inaungua, moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji, mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Kisha lipa wakupimie kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, silinda zote nne zikaribiane. Gia boksi, itoe barabarani ipate moto, ikibadilisha gia kwa kupiga teke au injini inapanda sauti na gari haiendi, tazama oili yake, ikinuka kuungua anza kuweka pesa kando.

Na hiyo redieta mpya umeitia nini? Wengi Malindi wanajaza maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi, yaani mtu analipa redieta mpya alafu anaitilia bahari ndani. Tia kulanti, ikishindikana kabisa basi maji ya mvua au yaliyosafishwa.

Kama chuma kimepita mtihani, ushauri wangu ni ukae nayo miaka 2. Lakini si kukaa hivihivi, kila mwezi mshahara ukiingia jilipe 15,000 kama vile sacco wanakukata, uweke humohumo sacco. Baada ya miezi 24 una 360,000, ongeza akiba yako 200,000, mkweche hata ukiuza 180,000 umefika 740,000, na gari ya bei ileile ya Fielder utaikopea laki 6 badala ya 9. Ukishindwa kuweka hiyo 15,000 kwa miezi hata mitatu ya mwanzo, jiulize hiyo 23,700 ungeilipa vipi.

Katika hiyo miaka 2 ioshe chini. Kila wiki, kwa maji ya mfereji, bomba uliingize ndani ya magurudumu na chini ya milango. Wale vijana wa kuosha gari wanaotumia maji ya kisima cha chumvi wanakung'arishia juu na kukumalizia chini. Watu wengine wanapuliza oili chafu ya injini chini ya gari, kweli inazuia kutu, lakini inaozesha mipira ya bushi na ikigusa padi za breki ni balaa, bora andakoti halisi, na ipakwe baada ya chuma kusafishwa na kukauka, ukiipaka juu ya kutu umeifungia kutu ndani. Na shuleni, kama kuna ukuta au jengo, egesha upande ambao upepo wa bahari haukufikii.

Mke wako msomee hii hesabu, usiisome peke yako ukampa matokeo tu. Na yeye ana haki ya kusema gari ikituzimikia usiku njia ya Mambrui na watoto ni gharama pia, hiyo mimi siwezi kuipigia hesabu nikiwa hapa.

SWALI

Shikamoo ami. Mimi niko Amu, Langoni. Nina Probox ya 2008, mume wangu aliiacha alipokwenda Saudia kikazi, iko Mokowe kwa binamu yangu, manake hapa kisiwani hata ungekuwa nayo ungeipitisha wapi. Naitumia labda mara mbili kwa mwezi kwenda Mpeketoni kuchukua vitu vya duka, Malindi ni baada ya miezi. Kila nikivuka kwenda kuichukua betri imelala, mara ya mwisho breki za nyuma zilikuwa zimeshika gari haisogei. Mume anasema nisiiuze kabisa, ni mali. Mimi naona inanichosha.

*Wa Langoni*

JIBU

Marahaba binti yangu. Gari inayokaa inazeeka kuliko inayotembea, hilo mume wako amwulize fundi yeyote wa huko Saudia. Breki zinashika kutu zikikaa na unyevu, betri inajimaliza yenyewe, tairi zinapasuka pembeni kwa jua, panya wanakata waya, petroli ikikaa sana kwenye tangi inaharibika. Na bima inaendelea kuhesabu gari ikiwa imelala.

Piga hesabu ndogo: bima ya mwaka, betri, fundi wa kila mara, tairi, gawa kwa safari zako 24 za mwaka. Alafu uliza Mokowe pikapu ya kukodi mpaka Mpeketoni na kurudi ni shilingi ngapi. Tangu barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu iwekwe lami gari za mizigo na mabasi si shida kama zamani, nina hakika utaona kukodi ni nafuu na hata jasho la kusukuma gari hutalitoa.

Kuna njia ya kati kama mume hatasikia. Mpe binamu aifanyie kazi ya mizigo kila siku, akupe chako kila wiki, na siku zako mbili za mwezi ziwe zako. Gari itatembea, Probox ndiyo kazi yake hiyo. Ila bima ibadilishwe iwe ya biashara kabla hajabeba hata gunia moja la mtu, manake ya binafsi ikitokea ajali na kuna mzigo wa kulipwa, kampuni itakataa kulipa na watakuwa na haki. Na makubaliano andikeni, hata kama ni binamu. Hasa kama ni binamu.

Mkiamua kuuza, tazama logibuku, ile hati ya umiliki, ni ya jina la nani. Kama ni la mume, wewe huwezi kuihamisha hata uwe na ufunguo na gari yote, ni yeye aianzishe kwenye akaunti yake ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali. Kwa hivyo ruhusa yake utaihitaji tu, muanze mazungumzo mapema, na umtumie picha ya hizo breki.

SWALI

Ami mambo. Nauza Nissan yangu Watamu ninunue nyingine ndogo. Mnunuzi amelipa nusu, anataka aondoke na gari na nimhamishie kabisa, nusu nyingine atatuma mwisho wa mwezi kwa simu. Ni mtu anayefahamika. Nifanye?

*Kijana, Watamu*

JIBU

Usifanye, kijana. Ukishaihamisha kwenye mtandao wa NTSA, wale wanaosajili magari, na yeye akakubali upande wake, gari ni yake, na nusu yako imebaki kuwa ahadi ya mtu anayefahamika. Na kosa la upande wa pili ni baya vilevile, kumpa aondoke na gari bila kuihamisha, hapo akigonga mtu au ikikamatwa na kitu kibaya namba inayotafutwa ni ya kwako.

Pesa ikamilike, muhamishe siku hiyohiyo mkiwa mmekaa pamoja, yeye akubali kwenye simu yake mbele yako, ndipo umpe ufunguo. Mpaka siku hiyo gari ibaki kwako, na ile nusu aliyolipa mwandikiane kwa karatasi, namba za vitambulisho, tarehe ya mwisho ya kumaliza, na asipomaliza unamrudishia ngapi. Shahidi mmoja upande wako na mmoja upande wake. Na kabla hujanunua hiyo nyingine ndogo, tafuta rekodi zake NTSA uone kama kuna benki au mkopeshaji ameandikwa juu yake, manake gari ya mkopo usiolipwa inauzwa bei nzuri sana.